Kusaga Maji ya Wazazi

Kama kuna kitu kilichonizeesha mapema, si watoto wala vita. Ni kuni. Nilipopangiwa kazi ya uuguzi katika kijiji kimoja cha Ujamaa wilayani Ngara, upande wa Ntobeye, nilidhani nitachoshwa na wagonjwa. Wagonjwa walikuwa afadhali. Mgonjwa hupona au hufa, lakini kuni zikiisha leo, kesho zinatakiwa tena.

Watu wa kijiji kile walikuwa wametolewa kwenye migomba yao huko vilimani, wakapangwa mistari miwili kando ya barabara, mlango kwa mlango. Mwaka wa kwanza kila mtu alikata mti uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Mwaka wa pili akakata wa jirani. Nilipofika mimi hapakuwa na mti wa kumtundika hata kuku. Ukitaka kuni unashuka bonde zima, unapanda mlima wa pili, kisha unarudi na mzigo kichwani huku magoti yanakutukana. Shingo yangu ya leo, isiyogeuka vizuri upande wa kushoto, niliipata kwenye njia ile.

Na zahanati ilikula kuni kuliko nyumba yoyote. Vyombo vichemshwe, mashuka yafuliwe, na zaidi ya yote wazazi wakandwe. Mwanamke akishajifungua, sharti akandwe kwa maji ya moto tumbo, kiuno na mgongo, asubuhi na jioni, mpaka mwili urudi mahali pake. Anayekanda ni mama yake au mama mkwe wake. Ndiye anayejua pa kukandamiza na pa kupapasa, na ndiye anayeruhusiwa kukuona unavyolia. Asiye na mama wala mama mkwe husaidiwa na shangazi. Asiye na shangazi, huyo watu humtazama kwa huruma na kubadilisha mazungumzo. Mkandaji huja na mikono yake tu. Maji ni ya zahanati, na zahanati ilikuwa mimi.

Karavani ilikuja kuniokoa. Ndivyo nilivyoamini. Wajenzi wa barabara ya kwenda Biharamulo walipomaliza kipande chao na kuondoka, waliacha nyuma nyumba ya bati yenye matairi, aliyokuwa akilala mkuu wao. Tairi moja lilikuwa limepasuka, kwa hiyo ilikaa kiupandeupande kama mlevi anayejitahidi kusimama. Kijiji kikaisukuma hadi zahanati, tukaiwekea mawe, tukaingiza vitanda viwili, ikawa wodi ya wazazi. Ndani, juu ya sinki dogo, palikuwa na tangi la maji lenye mdomo uliotokeza kwenye paa. Unapanda ngazi, unamimina maji ya mto juu. Chini ya tangi palikuwa na jiko la gesi, na mtungi wa gesi ulikaa nje umefungwa mnyororo. Unageuza kitasa, unawasha kiberiti, moto wa buluu unavuma, na baada ya muda mfupi maji yanatoka bombani yakifuka mvuke.

Siwezi kuieleza raha ile kwa mtu ambaye hajabeba kuni. Siku ya kwanza nilisimama pale sinki nimeweka mkono chini ya bomba, nikauacha tu. Mwanamke aliyekuwa kitandani aliniuliza kama nimeungua. Nikamwambia hapana, napumzika.

Aliyeichukia karavani tangu mwanzo ni bibi mmoja ambaye mlango wake ulitazamana na wa kwetu. Alikuwa mkandaji wa ukoo wake wote, ameshakanda mabinti, wakamwana na wajukuu, na mikono yake ilikuwa mipana kama majembe. Kiswahili chake alikipata sokoni, nacho alikitumia zaidi kwa kulalamika. Mkamwana wake alipojifungua mle ndani, bibi aliweka kidole chini ya bomba, akakinusa.

"Maji gani haya? Hayajui moshi. Na majani nitayatia wapi?"

Alikuwa na majani yake machungu ambayo huchemshwa pamoja na maji ya mzazi. Nilimweleza kwamba tangi si chungu, kwamba maji ya moto ni maji ya moto, na kwamba serikali imesema zahanati ni kwa dawa za zahanati. Serikali haikusema hivyo. Nilisema mimi. Bibi akaitikia kwa upole ambao ungenishtua kama nisingekuwa nimechoka. Kesho yake bomba likatoa tone moja la kijani, likakohoa, likanyamaza.

Alikuwa amepanda ngazi na kushindilia majani yote kupitia mdomo wa tangi.

Ilibidi nimwite fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji, mtu mrefu mpole aliyewahi kuwa kibarua wa wajenzi wa barabara. Aliyavuta yale majani kwa spoku ya baiskeli, moja moja, huku bibi amesimama mlangoni akimwelekeza asiyaharibu. Nilikuwa na mimba changa, kichefuchefu juu ya kichefuchefu, na nilipandwa na hasira. Nikamwambia shikamoo zote nimempa, sasa aniachie wodi yangu. Naye hakuwa mtu wa kuachia.

"Na wewe, nesi, ukizaa nani atakukanda? Mama yako yuko wapi?"

Aligusa panapouma. Mama yangu alikufa Biharamulo nikiwa darasa la tatu. Shangazi sikuwa naye. Mume wangu alikuwa bwana shamba wa kijiji, Msukuma, na mama yake aliishi mbali kule ng'ambo ya pori, safari ya kudandia lori na kumwomba Mungu. Mimi kwa pale nilikuwa wa kuja. Walinisalimia vizuri, walinipa ndizi, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi jembe nilipewa na kulima shamba la kijiji nililima. Lakini kulima na mtu ni jambo moja. Kumvulia nguo ukiwa umechanika na unavuja maziwa ni jambo jingine.

"Bomba litanikanda," nikamjibu. "Bomba halina mdomo. Haliulizi mama yako yuko wapi."

Bibi akanitazama, akakusanya majani yake yaliyolowa, akaenda zake. Kuanzia siku ile wodi nzima ilijua sheria yangu: kwa nesi, maji hutoka bombani. Sikuruhusu sufuria wala chungu kupita mlango ule, nisije nikaonekana nimeshindwa.

Kisha vita ikaja. Redio ilisema kuna uvamizi huko kaskazini, ng'ambo ya mto Kagera, na baada ya muda si mrefu mgambo wa kijiji chetu wakaitwa. Mume wangu alikuwa mgambo. Aliondoka asubuhi amebeba blanketi na jozi ya viatu vya kazini, viatu vya bwana shamba vyenye udongo wa kahawa bado. Aliniambia nisibebe kuni. Nikacheka, kwa sababu mwanaume anaweza kusema neno kama hilo na kupanda lori.

Kuni zilikuwa zimerudi, maana gesi ilikuwa imekwisha. Mtungi tulikuwa tumeupeleka Mwanza kujazwa, na malori yaliyokuwa yakileta mizigo huku kwetu yakachukuliwa kubeba askari na chakula chao. Mtungi ulikwenda Mwanza ukawa kama umeolewa huko. Nilisubiri. Kila lori lililopita nilitoka nje na tumbo langu kutazama, na kila lori lilikuwa la vita. Nikarudi bondeni na kamba yangu, na maji niliyoyachemsha nje niliyapandisha tangini kwa ukaidi, yatoke bombani.

Ni yule fundi aliyenionea huruma. Siku moja alifungua kibati cha ubavuni mwa karavani na kunionyesha kwamba lile tangi lilikuwa na kitu kingine tumboni: koili ya umeme. Akasema wenye karavani walipokuwa kambini hawakupoteza gesi. Waliunganisha waya kwenye jenereta yao, maji yakachemka kwa umeme, na gesi wakaiweka kwa safari. Jenereta hiyo walikuwa wameiacha, injini yake mbovu, lakini upande wa kuzalisha umeme ulikuwa mzima. Fundi akaisogeza hadi kibanda cha mashine ya kusaga, akaifunga mkanda kwenye injini ya mashine, akavuta waya kutoka kibandani hadi zahanati juu ya vijiti. Watu walikuja kutazama. Injini ikanguruma, mkanda ukapiga kelele, na mimi nikiwa karavani nimeweka kiganja kwenye bati la tangi nikahisi ujoto unapanda taratibu. Nilipiga kelele kama mtoto. Hapakuwa na moto wa buluu wala harufu ya gesi, na sikuhitaji kiberiti.

Lakini fundi alikuwa na sheria yake, na alikuwa na haki. Dizeli ilikuwa ya mgawo. Mashine haikuwashwa ila kukiwa na nafaka ya kusaga. Akasema hawezi kuchoma dizeli ya kijiji kwa ajili ya maji matupu. Basi kama mzazi yuko wodini na hakuna aliyeleta nafaka, hakuna umeme, na pasipo umeme maji ni ya mto vilevile.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi ambayo sijaiona popote tena. Mwanamke akishikwa na uchungu, habari ilipita mlango kwa mlango kwamba nafaka ipelekwe mashineni. Zamani, kabla ya zahanati, wanawake walikwenda kumwona mzazi na kuni kichwani. Sasa walikwenda na ungo. Walijifunza kuacha mtama na mihogo mikavu bila kusaga, wakaiweka kwa ajili ya uchungu wa jirani. Waliita kusaga maji. "Unakwenda wapi?" "Nakwenda kumsagia fulani maji." Nafaka ikielekea kuisha na tangi bado ni vuguvugu, walimimina tena unga uliokwisha kusagwa. Nimekula ugali wa unga uliosagwa mara mbili. Unanata kwenye meno kama gundi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wanaume.

Bibi jirani alikuja pia. Alikuja na kikapu cha mtama ambacho kuku mmoja angekimaliza, akakishika kifuani mpaka zamu yake, akilalamika kwamba katika maisha yake hajaona maji yanayopikwa kwa kelele. Hakunisemesha. Mimi nilijifanya nina kazi. Hata hivyo niliona kwamba hakukosa hata siku moja.

Miezi ile nilianza kuamini kwamba mambo yangu yatakwenda. Nililiangalia bomba kama mtu anavyoangalia akiba yake. Nilikuwa na mtama wangu mwenyewe, nimeuweka kwenye debe chini ya kitanda, wa kusagia maji yangu. Nilijipangia hivi: nitajifungua, nitampa fundi debe, nitasimama pale sinki nijikande mwenyewe, na sitamwomba mtu yeyote anishike mgongo. Jioni, miguu ikiwa imevimba, wazo hilo ndilo lililonilaza.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alisema kwa maneno machache kwamba mapipa ya dizeli yaliyobaki yatachukuliwa kwa ajili ya malori yanayopeleka chakula mbele, na mashine itasimama. Hakuna aliyepinga. Mimi ningepinga nini? Huenda chakula hicho kilikuwa kinakwenda mdomoni mwa mume wangu. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine kukubali, kisha nikaenda nyuma ya kibanda cha mashine, nikakaa juu ya kinu kilichopasuka, nikalia kwa ajili ya maji. Watu walikuwa wanalilia waume na watoto wao. Mimi nililia kwa ajili ya bomba. Niliona aibu, na aibu haikunizuia.

Wanawake wakarudia mtwangio, na mimi nikarudia bonde. Mtu mwenye mimba kubwa habebi kuni vizuri. Mzigo unakuvuta nyuma, tumbo linakuvuta mbele, na katikati ni wewe unayeitwa mwenye nguvu. Siku moja nilimpita bibi akiwa mlangoni kwake anachambua maharage. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akautazama mzigo wangu, akarudi kwenye maharage yake. Hakusema hata pole. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikajisemea, na nilimchukia mpaka nilipofika nyumbani.

Uchungu ulinishika asubuhi, watu wakiwa bado wanapika uji. Nilikuwa karavani natandika. Mhudumu wa usafi, msaidizi wangu pekee, hakuwepo, alikuwa amekwenda mazishini Murukulazo. Nilishika sinki, nikangoja upite, haukupita. Kuni zilikuwa vipande vichache tu, maana wiki ile sikuweza kwenda bondeni. Nilipopiga kelele aliyeingia ni bibi, bila kubisha hodi, mikono bado ina maganda ya maharage.

Nilimwelekeza alichopaswa kufanya, na alifanya alichokuwa akikijua. Tulibishana hadi mtoto anatokeza kichwa. Nilimwambia anawe kwa dettol, akanawa. Aliniambia nifunge mdomo nisukume, nikasukuma. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa. Bibi akamfuta, akamfunga kanga, akaniwekea kifuani, akanisaidia kondo la nyuma mpaka likatoka zima. Mimi nikatazama bomba juu ya sinki, kavu, na uchovu wa mwaka mzima ukaniangukia mahali pamoja. Sikutaka aone.

"Niletee maji ya baridi, bibi, kwenye beseni. Nitajifuta mwenyewe."

Akatoka, akauacha mlango wazi. Nikamsikia anaita barabarani kwa Kihangaza, sauti ya mtu anayefukuza mbuzi. Nikajua nimeachwa. Niligeukia ukuta wa bati. Hata kumlaani sikuwa na nguvu.

Nikasikia ngazi inagonga ubavu wa karavani. Kisha nyayo juu ya paa, nzito, bati linalia. Kisha sauti za wanawake, nyingi, na sauti ya fundi ikisema, "Pole pole, litamwagika." Nikajiinua kwa kiwiko nikachungulia mlangoni. Walikuwa wanakuja kutoka mistari yote miwili ya kijiji, kila mmoja na alichokikuta jikoni kwake: sufuria, birika, vyungu vilivyofunikwa jani la mgomba, mmoja kibuyu amekivingirisha kwa kanga. Ni maji yaliyokuwa motoni kwa ajili ya uji wa asubuhi. Walikuwa wameyaipua. Walipokezana ngazini, na fundi juu ya paa akamimina kwenye mdomo wa tangi, chombo baada ya chombo.

"Mnafanya nini?" nikaita. "Yataingia tangini yapoe! Leteni hapa, leteni na sufuria zenu!"

Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango alinitazama kwa mshangao, birika tupu mkononi.

"Lakini nesi, kwako si maji hutoka bombani?"

Miezi yote ile nilikuwa nimewafukuza na vyungu vyao. Walidhani ni mwiko wangu, mwiko wa kwetu Biharamulo, na mwiko wa mzazi haudharauliwi. Walikuwa wamenywesha moto wao bati baridi ili wanitendee kama ambavyo ningetendewa na mama yangu.

Bibi akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Akafungua bomba. Likakohoa, likatema moja la yale majani yake machungu, kisha maji yakaja, ya kijani kidogo, yakinuka moshi wa majiko ya kijiji kizima. Akachovya kitambaa, akakikamua, akapanda kitandani kwa magoti, akanigeuza kwa ile mikono yake mipana kama mtu anayegeuza kiroba. Nilianza kusema kwamba yamepoa, kwamba nitaweza mwenyewe, kwamba asijisumbue.

"Uriniambia bomba harina mdomo," akasema, amebonyeza kiuno changu palepale panapouma. "Basi na wewe nyamaza, mwana wanje. Nikukande."

Mwana wanje, kwa Kihangaza, ni mwanangu. Maji yalikuwa vuguvugu tu. Nilinyamaza, akanikanda mpaka tangi likakauka.